Shairi la Kikaburu Sokoni Mlalo

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari karibu na Lushoto, na kila sherehe ilipofika nilitakiwa nitoe ngonjera. Zangu hazikuwa za kusinzia. Mvulana mmoja alivalishwa gunia akaitwa Pesa, na wenzake wakamchapa jukwaani kwa fimbo za mianzi huku wakimtupia beti za matusi. Walimchapa kwelikweli, nami nilimjaza matambara mgongoni asiumie. Na ndio hao hao waliotoana meno bwenini wakigombania redio ya mwenzao, mtoto wa mfanyabiashara wa Mombo.

Mwalimu wa hesabu alikuwa mkimbizi kutoka Afrika Kusini, chotara wa rangi ya maji ya kunde, mpole kupita kiasi. Mbwa wa polisi wa kwao walikuwa wamemnyofoa nyama ya mguu, akawa anachechemea. Siku moja alitazama mazoezi yetu akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia kwamba naye, akiwa na miaka kumi na saba, alitunga shairi la kuicheka pesa kwa lugha ya mama yake, Kiafrikana.

“Kikaburu?” nikamaka.

“Dada, bibi zangu walikisema jikoni kabla kaburu hajakiandika,” alinijibu. “Nikikiacha, mama yangu nitamkumbuka kwa lugha gani?”

Akanieleza shairi lenyewe. Katika lugha hiyo, alisema, pesa ni geld, na kitu kikiwa na thamani, kikikubalika, neno ni hilo hilo. Shairi lilikuwa la kijana mweusi anayeingia dukani na sarafu. Muuzaji anamwamuru aiweke mezani, asije akagusana naye mkono. Sarafu inakubalika, kijana hakubaliki, na neno moja linageuzwa na kugeuzwa ubeti hadi ubeti mpaka hujui kinachonunuliwa ni mkate au ni mtu. Lilinichekesha, kisha likanitia hasira hata nikashindwa kula chakula cha mchana.

Wanafunzi nao walilipenda. Siku ya sherehe, katika uwanja wa soko la Mlalo, Pesa alipokwisha kuchapwa na kuburutwa, wakaanza kupiga kelele, “Mwalimu! Mwalimu! Na lile lako!” Wakambeba juujuu wakamweka jukwaani. Akasimama, akaanza kwa Kiafrikana, mikono ikicheza, na vijana wakamfuatisha wakicheka.

Karibu na jukwaa palikuwa na mzee mmoja muuza mipini ya majembe. Alipokuwa kijana alikwenda Afrika Kusini kuchimba dhahabu, akarudi na kikohozi na vidole vitatu katika mkono wa kulia. Niliona uso wake ukibadilika. Alichomoa mpini katika bidhaa zake, akapanda jukwaani, akampiga mwalimu mdomoni.

Nilisikia meno yakivunjika. Pigo la pili lilimpata juu ya sikio. Ndipo mzee akapiga yowe, “Kaburu! Kaburu huyu!”

Katika milima ile yowe halikuulizwa sababu. Aliyelisikia alikuja na alichokuwa nacho mkononi, kwa kuwa aliyekawia kuuliza ndiye aliyeitwa mwoga mpaka kufa kwake. Wakaja na fimbo, na mawe, na mikwaju ya kuswagia ng'ombe. Watu walioniamkia asubuhi kwa heshima zao zote wakampiga mateke mtu aliyelala kifudifudi. Wanafunzi wangu walilia, wakarusha mawe, mmoja akavunjwa mkono. Mimi nilijitupa juu ya mwalimu. Kijana mmoja aliponivuta nilimng'ata kiganja mpaka nikaonja damu yake, na mpaka leo sijutii. Aliyetuokoa ni kasisi wa misheni, aliyegonga kengele ya kanisa mfululizo mpaka watu wakasimama na kutazamana.

Mwalimu alilazwa wiki nyingi. Alipotoka, jicho moja halikuona tena, na wazazi walikuwa wamekwisha kusema hawataki kaburu darasani. Mwenyekiti wa kijiji alitoa neno: apatane na mzee mbele ya watu, ama aondoke mlimani. Aende wapi, mtu asiye na nchi?

Suluhu ya kijiji kile ilikuwa na utaratibu wake. Aliyepiga na aliyepigwa husimama ana kwa ana, kila mmoja akatoa uchungu wake kwa lugha aliyonyonyea, kisha wakasukutua kwa maji ya kibuyu kimoja na kuyatema upande wa bonde. Uchungu uliosemwa kwa lugha ya kuazima, walisema, hubaki tumboni.

Nikamnong'oneza mwalimu, “Kaka, sema Kiswahili. Nakusihi. Watakumaliza.”

Mzee alianza. Alisema kwa Kishambaa, akaonyesha mkono wake wenye vidole vitatu, akataja wenzake waliofukiwa chini ya ardhi, na wanawake wakalia. Kisha zamu ikawa ya mwalimu. Alinitazama kwa jicho lililobaki. Akavuta pumzi, akasema kwa Kiafrikana, taratibu, kwa mdomo uliopungukiwa meno. Nilijua tu kwamba alimtaja mama yake.

Waliokuwa nyuma wakaokota mawe. Lakini mzee hakuinua mkono. Alivua kofia. Visigino vikakutana, kichwa kikainama, na sauti ikamtoka ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba, ya kitoto:

“Ja, baas.”

Ndiyo, bwana mkubwa. Hicho ndicho alichofundishwa kuitikia huko chini mgodini, kwa viboko, kila aliposikia lugha ile.

Mwenyekiti hakuelewa. Alidhani wamejibizana kwa wema, akafurahi, akatangaza kwamba mwalimu atabaki, akamnyooshea kibuyu. Mwalimu hakukipokea. Alipiga magoti kwenye tope mbele ya mtu aliyempofua.

“Shikamoo, baba,” alisema. “Shikamoo, baba. Shikamoo.”

Mzee alibaki amesimama wima, kofia mkononi, macho chini, akingoja kuamriwa.