Geti la Watu

Kwangu mimi, majira ya kuchipua hapa Johannesburg yalianza na harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kipya. Baba alikuwa fundi cherehani Fordsburg, mtu wa Tanga, na kila mwaka mijakaranda ilipoanza kutoa maua alikusanya vipande vilivyobaki kazini akatushonea mimi na mama magauni ya sare. Jumapili asubuhi tulitoka kwetu Bertrams kwa miguu, tukapandisha kilima hadi mtaa wa Observatory kupiga picha za kumpelekea bibi kule Tanga. Wakati wa baridi baba hakupiga hata moja. Nyasi huwa zimekauka na mji mzima una rangi ya vumbi. Alisema mama yake akiuona vile atadhani tuna njaa.

Nilizipenda mno safari zile. Mtaa mzima ulikuwa zambarau, juu na chini, na maua yaliyoanguka yalipasuka kwa mlio mdogo chini ya viatu vyangu, nami nilihakikisha siruki hata moja. Tukigeuka nyuma tuliona uwanja wa mpira, maghorofa ya mjini, na mbali kabisa vile vilima vya njano vya mchanga wa migodi. Lakini baba hakupiga picha huko. Alikuwa na nyumba yake aliyoichagua: ya mawe, madirisha sita mbele, geti jeusi la chuma, na mjakaranda ulioinamia ukuta. Alitusimamisha getini, akarudi nyuma na kamera, akatuamuru tutabasamu.

"Baba Zuhura, hili geti la watu," mama alinong'ona kila mwaka.

"Kwani nani kasema letu? Mimi napiga maua."

Na kweli, hakuwahi kuandika kwamba nyumba ni yetu. Hakuandika pia kwamba si yetu. Mama alimtania kuwa njia ya mwongo ni fupi, naye akajibu kuwa picha haina mdomo. Kumbe inao. Nilipokuwa na miaka kumi, bibi alimtuma shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa baba, aje aione kwa macho yake nyumba ya mwanawe Salimu, kisha arudi amsimulie.

Shangazi alishuka kwenye basi miguu imevimba kwa siku za safari. Tulimpokea katika chumba chetu kimoja, kilichogawanywa kwa pazia. Akatazama huku, akatazama kule.

"Hapa tupo kwa muda tu, Dada," baba akasema haraka. "Kule wanapaka rangi."

Mama alichukua birika akatoka nje. Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, ila wiki ile mwenyeji wetu alikonda. Baba alikula matonge mawili akanawa, na kila asubuhi aliwahi kazini kabla shangazi hajaamka.

Jumapili ikafika. "Rangi itakuwa imeshakauka," shangazi akasema, akavaa viatu. Tukapanda kilima wote wanne, baba nyuma kabisa. Mbele ya nyumba ya mawe shangazi alisimama akahesabu madirisha kwa kidole, halafu akaniinamia. "Dirisha lako lipi, mwanangu?"

Nilimtazama baba. Alikuwa akifuta kioo cha kamera kwa ncha ya shati, akakifuta tena. Mimi nilifundishwa madrasa nisiseme uongo, na, niseme kweli yote, nilikuwa mtoto wa kupenda sifa.

"Hatujawahi kuingia humo, shangazi."

"Eish, Zuhura," mama akasema.

Baba aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona mtu mzima akiona haya kiasi kile, na iliniuma. Mpaka leo inaniuma.

Shangazi alijitanda kanga yake upya, akaichukua kamera mikononi mwa baba, akanipa mimi. "Salimu, miaka yote hii picha zinakuja, wewe huonekani. Mama ananiuliza kama u hai. Nenda kasimame pale."

"Dada, nyumba si..."

"Nimekuuliza nyumba? Kasimame."

Akaenda. Shangazi akasimama ubavuni pake, kamshika mkono kama mtoto anayevushwa barabara. Nikabonyeza upesi. Picha ile ndiyo aliyorudi nayo Tanga, na bibi hakuuliza tena habari za nyumba.

Siku hizi shangazi hunipigia kwa video na kuniamuru nizungushe simu aone jikoni. Namwonyesha, vyombo vichafu na vyote. Hakuna anayedanganya wala kudanganywa, na kwa kweli ni nafuu kubwa. Baba ametutoka. Katika picha zote za majira yale yumo katika moja tu, na kwa haraka yangu ya kitoto nilimpiga amefumba macho. Juzi binti yangu, anayeelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza, aliiona nakala ya picha ile, akaniuliza kama nyumba ile ilikuwa yetu. Nikamwambia nyumba ni ya watu. Wetu ni huyo aliyefumba macho.