Vipande Vitano vya Faili ya Mwisho

Pale chuoni alipofundisha kompyuta walimwita Skrini Nyeusi, na jina lilimkaa. Ukiingia chumba cha kompyuta wakati wowote ungemkuta kona ya ndani, kaupa mlango mgongo, mbele yake kioo kisicho na picha hata moja, ila maandishi meupe yanayoteremka. Kompyuta zote arobaini za pale alizitia mfumo wa Linux kwa mikono yake, baada ya virusi kumtoa jasho mwaka mzima. Kipanya alikigusa pale tu mkuu wa chuo alipokuwa akimtazama. Wanafunzi wakimcheka, aliwaambia kwamba anayebofya picha anaomba, anayeandika amri anaamuru, na mtu mzima haombi kompyuta.

Alikuwa mzaliwa wa kwanza wa watoto watatu. Aliyemfuata alikuwa nesi katika hospitali ya mbali, nchi ya watu. Kitindamimba alikuwa dereva wa malori ya masafa, analala popote usiku unapomkutia. Kwa hiyo mama yao alibaki mikononi mwa Skrini Nyeusi, na si kwa shida, maana kutoka chuoni mpaka kwa mama ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Dakika hizo ishirini zilikuja kumtafuna.

Mama alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomwishia. Hapo mwanawe akamletea kirekodi sauti, kidude cha kuenea kiganjani chenye kitufe kimoja kikubwa, ili akiwa na neno kwa watoto walio mbali aliseme humo. Alidhani atakitumia mara mbili tatu. Mama alikigeuza mwenzake wa nyumbani. Alikieleza nani kapita, nani kapita bila kusalimia, kuku wa jirani kaingia jikoni mara ya ngapi, na shati gani alilishona vibaya miaka thelathini iliyopita ambalo mpaka leo linamnyima usingizi. Mara moja moja alisahau kukizima, kikameza hata kukoroma kwake. Simu nayo aliipokea kwa spika, kwa sababu masikio pia yalianza kumgomea, na mtaa mzima ulijua siri za watoto wake.

Alipofariki, kaka mtu aliwaambia wadogo zake hivi: Mama alijilaza baada ya chakula cha mchana, hakuamka. Hakuumwa, hakuhangaika, kitandani pake, shuka mpaka kifuani. Aliyasema hayo kwenye simu na akayarudia mazikoni, na watu wakasema mama wa watu kajiondokea kwa amani. Nesi alilia huku akishukuru.

Haikuwa hivyo. Skrini Nyeusi alimkuta Mama saa kumi na mbili jioni, kwenye kiti kando ya mlango, ameshapoa. Alimbeba mwenyewe mpaka kitandani, akamfunika, ndipo akaita majirani. Na mchana wa siku ile, saa nane na dakika kumi, simu yake ilikuwa imelia. Hilo la simu hakumwambia mtu.

Miezi minane baadaye Nesi aliomba sauti za Mama, na Dereva naye akazitaka. Zilikuwa faili mia tatu na kumi na sita, gigabaiti arobaini, kwa kuwa Skrini Nyeusi alikataa kuzibana. Kwake sauti ya Mama haikuwa kitu cha kukandamizwa. Alipojaribu kuzituma kwa njia ya kawaida, lori la Dereva likizungukia mlima tu mtandao unakatika, na kazi inaanza upya kutoka sifuri. Ndipo akaamua kutengeneza torenti, njia ya kugawana mafaili vipande vipande.

"Nazikata zote vipande elfu kumi," alimweleza Nesi kwenye simu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba sauti yake ilichangamka. "Kila kipande kina alama yake. Mashine yako ikikipokea, inakipima. Kikitofautiana hata chembe, inakitupa, inaomba kingine."

"Na wewe ukizima yako?"

"Mtapeana nyie wenyewe. Mwenye kipande humpa asiye nacho."

"Kama tulivyokuwa tukigawana mkate."

"Ila hapa ukigawa, wako haupungui."

Aliandika amri ya transmission-create, akataja ukubwa wa kipande, anwani ya traka aliyoisimika kwenye seva ya chuo ili mashine zipate kujuana, na jina la folda, kisha akagonga Enter. Kilichotoka ni kifaili cha kilobaiti mia mbili, hakina sauti hata moja ndani, ni orodha ya alama tupu. Akawatumia wadogo zake. Dereva akakibofya, akasubiri, akapiga simu kuuliza mbona Mama haongei. Ilichukua wiki mbili kumwelewesha kwamba hicho ni cheti tu, mzigo wenyewe unakuja polepole.

Na ukaja. Kila asubuhi Skrini Nyeusi aliandika transmission-remote -l, akaona neno Seeding mbele ya jina la folda, maana yake kwamba yeye anacho chote na anagawa. Nesi aliruka haraka mpaka asilimia sitini na moja, halafu akapotea kabisa. Dereva alisonga kwa mwendo wa lori lake. Kaka mtu alijiona amefanya jambo la maana. Kusikiliza, hakuwa amesikiliza hata faili moja. Alizihamisha tu kutoka kwenye kidude kama mtu anayehamisha masanduku ya marehemu bila kuyafungua.

Aliyemtia kiwewe ni Dereva. "Kaka, hii ya mwisho mbona ndefu hivi? Zingine dakika kumi, dakika ishirini. Hii saa sita."

"Atakuwa alisahau kukizima."

"Ya tarehe gani?"

Skrini Nyeusi aliitazama tarehe: siku ile ile Mama aliyofariki. "Nitaiangalia," alisema.

Aliivalia visikizi mle mle chumbani, wanafunzi wakiwa wamejaa. Mama alikuwa anaimba kwa pua, akamfukuza kuku, akaimba tena. Saa mbili na ushee baadaye akaanza kuguna. Kisha Mama akapiga simu, ikaita kwa spika, na Skrini Nyeusi akaisikia sauti yake mwenyewe ikijaa nyumba ya mama yake.

"Mama, niambie."

"Mwanangu, kifua kimebana. Na mkono huu siusikii vizuri. Njoo."

"Nahamisha mafaili ya seva hapa, Mama, nikiacha katikati yataharibika. Kunywa maji kwanza, upumzike. Nikimaliza nakuja."

"Haya. Unakuja?"

"Nakuja, Mama."

Akang'oa visikizi. Alijisikia aibu ya kumchoma ngozi, aibu ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na juu ya aibu hofu. Nesi angesikia. Dereva angesikia, barabarani peke yake. Mafaili yale ya seva yalikuwa matokeo ya mitihani ya muhula uliopita, na nakala yake ilikuwapo.

Tuseme ukweli, kichwa chake kilikuwa chepesi, na siku hiyo alikitumia vibaya. Aliifungua ile faili kwenye programu ya kuhariri sauti, akaona kwa macho mawimbi ya ile simu na vinundu vingine vidogo vilivyofuata, akaviteua vyote kwa pamoja, dakika tatu, akavifanya kimya. Hakusikiliza zaidi. Aliruka mbele sehemu mbili tatu, akasikia kelele za mtaa tu, akahifadhi. Kisha akaiamuru mashine ipime kazi yote upya. Ikapima, ikakuta vipande vitano havilingani na alama zake, ikavikataa. Mbele ya jina la folda hapakuwa tena na Seeding. Palikuwa na asilimia tisini na tisa, na neno Idle: inangoja.

Alilitaka hilo. Mashine isiyo na kipande haiwezi kukigawa. Dereva angefika tisini na tisa akagota, na kaka mtu angemwambia diski imeharibika mahali padogo, vipande vitano tu katika elfu kumi, nani atavijali? Hesabu hiyo ilikuwa na tundu moja. Vipande vya torenti haviji kwa foleni, na ile asilimia sitini na moja ya Nesi hakuna ajuaye ilikuwa imebeba nini. Alimwomba Mungu iwe imebeba nyimbo na kuku.

Siku kumi baadaye Dereva alipiga. "Imegoma tisini na tisa, Kaka."

"Diski. Vipande vitano vimekufa. Hakuna la maana humo, ni ile ndefu ya mwisho, kelele za nje."

"Basi pole na kazi," Dereva alisema, na kwa kuwa hajawahi kumshuku kaka yake tangu azaliwe, aliamini. Skrini Nyeusi akaaga haraka, akakata simu. Roho haikumtulia kama alivyotarajia.

Wiki iliyofuata, baada ya kipindi cha asubuhi, aliandika amri yake ya kila siku. Palipokuwa na Idle pameandikwa Seeding. Asilimia mia moja.

Alidhani amekosea kusoma. Akaomba orodha ya mashine zilizounganishwa, akaona ya Dereva, nayo mia moja. Na ya tatu, iliyorudi hewani baada ya wiki nyingi: ya Nesi. Mwenye kipande humpa asiye nacho. Mashine yake mwenyewe, kwa uaminifu wake wote, ilikuwa imeviomba vipande vitano vilivyopotea, imeletewa, imevipima, imeviona sahihi, na imemrudishia pale alipovifuta. Vidole vilikuwa juu ya kibodi. Hapakuwa na amri ya kuandika. Hata angezima kila kitu, wale wawili walikuwa wanapeana wenyewe.

Simu ikaita.

"Kaka."

"Naam, mdogo wangu. Habari za kazi?"

"Dereva kaniambia diski imeharibika."

Akaigeukia tena ile asilimia mia moja kwenye kioo.

"Mimi nilianza na ile ya mwisho," Nesi alisema. "Niliitanguliza mbele ya zote, nilitaka nijue alimalizaje. Nikaisikiliza yote. Baada ya hapo nikaifunika kompyuta, sikuweza kuigusa mpaka leo. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, Kaka. Kila ukipiga nasema leo ataniambia."

"Nilidhani ni gesi."

"Kazini kwetu mtu akisema kifua kimebana na mkono umekufa ganzi, hatumwambii anywe maji." Hakuwa mkali. Alisema kama anamfundisha mwanafunzi siku ya kwanza wodini, na ingekuwa nafuu angemtukana. "Lakini ungeniambia, tungelia wote. Wewe ukaenda kumfuta."

"Sikumfuta yeye. Nilijifuta mimi."

"Kabla ya kufuta ulisikiliza mpaka mwisho?"

"Niliposikia nakata simu, sikuweza tena."

"Basi sikiliza. Vimekurudia vyote vitano." Akakata.

Ilikuwa saa nane mchana. Skrini Nyeusi alivaa visikizi, akaisogeza faili mpaka pale pale. Akaisikia tena sauti yake ikisema nakuja, kisha mlio wa simu kukatika. Kisha pumzi za Mama, nzito, na kidude kikisogezwa juu ya meza.

"Anakuja," Mama alikiambia kidude. "Kasema anakuja. Ngoja nimfungulie mlango kabisa, asije akagonga nikashindwa kuinuka."

Kitasa kikalia. Kiti kikaburuzwa sakafuni, polepole, mara mbili kikisimama njiani. Mama akakaa. Sauti za mtaa zikaingia ndani.

Hakuzima. Zilibaki karibu saa nne za faili, akaamua kuzikaa zote. Wanafunzi wa kipindi cha alasiri waliingia, wakatoka, mmoja akamwita mara mbili akaacha. Pumzi za Mama alizisikia kwa muda, halafu hakuweza kuzitenganisha na upepo, na hakujua ni wakati gani hasa. Kuku wa jirani aliingia akatoka bila kufukuzwa. Mhudumu wa chuo alikuja kufunga madirisha, akamkuta bado amekaa, akamwachia ufunguo mezani.

Karibu na mwisho zikasikika hatua za mtu anayekuja bila haraka, zikapanda kizingitini. Halafu sauti ya mwanamume, ya uchovu na kuudhika kidogo, sauti ambayo hakukumbuka kabisa kuitoa:

"Mama, mbona umeacha mlango wazi?"