Mitungi ya Mama na Macho ya Mjomba

Kwa miezi mingi swali moja lilikuwa likininyima usingizi: nimwambie Mjomba Wafula kilichompofusha, au niache mambo yalivyo? Nikiwaza kusema, nilimwona mama akiaibishwa mbele ya kanisa lote. Nikiwaza kunyamaza, nilimwona Anti Nasimiyu, mke wa mjomba, akipanga nyanya zake sokoni Kamukuywa huku watu wakimkwepa kama mchawi. Nimemaliza chuo, sina kazi, naishi kwa mama hapa Kitale, na asiye na kazi hukosa vyote ila nafasi ya kuwaza. Kila nilipofikia uamuzi, niliugeuza nione una ufa upande gani.

Desemba ile nilipokuwa darasa la nne, sebule yetu ilinukia maganda ya machungwa, karafuu, na kitu kingine kikali kilichochoma pua. Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na chupa ya pombe isingeweza kuonekana kwetu hata ikiwa tupu. Lakini ndugu zake wa Bungoma walikuja kila Krismasi, watu waliozoea kuzunguka chungu cha pombe ya busaa na mirija yao mirefu, na kuwapa chai peke yake kungekuwa sawa na kuwafukuza. Basi alinunua pombe kali kwa siri, akaimimina katika mitungi ya vioo iliyochongwa maua ubavuni, akatia matunda damu yaliyomenywa, tangawizi na vijiti vya mdalasini, kisha nyuma ya jiko akachoma chupa za plastiki ambamo pombe ililetwa. Mitungi ilikaa kabatini juu ya vitambaa alivyovifuma mwenyewe, ikibadilika rangi polepole, mmoja mwekundu, mwingine kama asali. Mimi niliitikisa kila asubuhi kabla ya uji. Mchungaji alipokuja kutuombea aliisifu, "Mama, nyumba yako imependeza kweli," na mama akaitikia amina. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwetu, kata ilikuwa mimi.

Mwaka huo muuzaji wake wa siku zote alikuwa amekamatwa, mama akanunua kwa mtu asiyemjua. Hakuwa na namna ya kuulizia bila kujulikana.

Mjomba alifika kutoka Naitiri na debe la mahindi na kicheko chake kikubwa. Alikuwa mdogo wa mama na hakumwogopa hata kidogo. "Dada, haya mapambo yako yananyweka?" aliuliza akigonga kioo kwa ukucha.

"Shika adabu, Wafula. Nitakupa kidogo."

"Kidogo ni ya kuku, bana. Mimi ni ng'ombe."

Wageni wengine walionja tu, wakakunja uso. Yeye aliumaliza ule mwekundu.

Asubuhi iliyofuata alikaa kitandani akauliza kwa nini hatujafungua madirisha. Madirisha yalikuwa wazi, na jua lilikuwa limemwangukia kifuani. "Naona kama moshi," alisema, akipunga mkono mbele ya uso kana kwamba angeweza kuufukuza. Hospitalini daktari aliuliza alikuwa amekunywa nini. "Huyu? Chai tu," mama akajibu. "Ni malaria. Imempanda kichwani." Nilifungua mdomo. Mama alikuwa amenishika mkono, akanibana vidole mpaka mifupa ikasuguana. Daktari aliuliza tena, naye akajibu vilevile, kwa sauti ile ile ya kusoma matangazo ya kanisa. Mjomba alikuwa hoi, hakuweza kujisemea. Alitibiwa malaria. Siku zilipopita akahamishiwa Bungoma, lakini macho yalikuwa yamekwisha, wala yeye hakushuku pombe aliyoizoea kwetu kila Krismasi. Nimesoma baadaye kwamba methanoli, sumu ya pombe mbovu kama ile, ina tiba ikiwahiwa.

Naitiri watu walitafuta sababu, na asiyepewa sababu hujitungia. Kabla ya Krismasi Anti Nasimiyu alikuwa amegombana na mumewe juu ya kukodisha shamba, akamwambia mbele ya majirani kwamba atajuta. Hilo lilitosha aitwe mchawi. Ukoo ulikutana, anti akarudishwa kwao na sanduku moja. Mama alikuwepo kama dada mkubwa. Mwishoni aliombwa afunge kikao kwa sala, naye akafunga.

Siku hizi vijana wa rika langu wanafanya yaleyale hadharani. Wanatia stroberi na majani ya mnanaa katika mitungi mizuri kuliko ya mama, wanaipiga picha, wanaipeleka kwenye harusi kule Kanduyi, na chupa ilimotoka pombe imesimama kando na jina lake. Wazee wanasema zamani kulikuwa na heshima. Labda. Heshima ya kwetu ilichoma chupa, ikachukua macho ya mtu mmoja na ndoa ya mwingine, kisha ikaenda kanisani Jumapili.

Wiki iliyopita nilimwambia mama kwamba nakwenda Naitiri. Alikuwa akichambua maharagwe. "Unataka kunizika nikiwa hai?" aliuliza. Nilichukua mkoba nikatoka, na kwa mara ya kwanza sikuugeuza uamuzi.

Nilimkuta mjomba uani akipukuchua mahindi kwa kupapasa. "Nani?"

"Nekesa, mjomba."

"Yule wa digrii! Ati umeniletea mume nimkague kwa mikono?" Akacheka, akanisogezea kigoda. Nilikaa, nikaanza kabla woga haujanifikia. Nilimweleza juu ya pombe, muuzaji mgeni, daktari, na jibu alilopewa. Vidole vyake vilisimama juu ya gunzi. Kuku walikuja wakadonoa punje miguuni pake, asiwafukuze.

"Rudia," alisema hatimaye. "Polepole."

Nikarudia tangu mwanzo, bila kuliruka jina la mama.