Tambi Nilizopanda Nazo Akheri

Safari hii ilianzia kwenye kantini ya ofisi yetu, Dar es Salaam. Mwenzangu mmoja aliuliza sisi Wameru wa Arusha tunakula nini, nami, mtu wa digrii mbili na kitambi kimoja, nikahutubia muda wote wa chakula juu ya loshoro: mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa mpaka yakafunguka, yakapozwa, kisha yakamiminiwa maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Nilieleza hadi mate yakanijaa.

"Mara ya mwisho umekula lini?" akauliza.

Nikatafuta jibu, nikaona haya. Niliomba likizo, nikatuma salamu kwa jirani aliyekuwa akirudi nyumbani: mwambie mama mdogo nakuja.

Njiani, basi liliposimama Mombo, wachuuzi waliinua madirishani kuku wa kukaanga, machungwa na mayai ya kuchemsha. Nilikataa vyote. Nilikuwa nalitunza tumbo kama mtu anayekwenda kupimwa hospitali.

Arusha, asubuhi. Nilikuwa nimelala gesti karibu na soko, na kabla ya kupanda mlimani nikaingia dukani. Siku zile za ruksa ya biashara maduka yalikuwa yamejaa kwa ghafla, na sisi tuliowahi kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni hatukuweza kuipita rafu iliyojaa bila kuishukuru kwa kununua. Nikanunua pakiti za tambi, kopo la siagi ya mkate, na nyanya za kopo kutoka ng'ambo.

Tengeru niliteremka garini, nikaanza kupanda kwa miguu kati ya migomba, mfereji ukiteremka pembeni yangu. Wingu lilikuwa limeukalia mlima. Mashamba niliyoyajua yalikuwa ya kahawa. Sasa niliona visiki, na kati ya visiki hivyo nyanya, nyekundu, tele, hadi ukingoni mwa njia. Mimi nilikuwa nimebeba za kopo. Nilicheka peke yangu, nikabadilisha mkono, nikaendelea kupanda.

Akheri, kijijini kwetu. Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea. Nilimkuta katika jiko la mbao lililo nyuma ya nyumba kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Yesu wangu, umeumuka! Huko Dar wanawatia hamira?"

Karibu na mafiga palikuwa na sufuria iliyofunikwa jani la mgomba, na kibuyu kimeegemezwa ukutani. Harufu ya moshi na maziwa yaliyoganda ikanipata moja kwa moja. Kumbe salamu zilifika! Kwa furaha nikafanya nililodhani ni la mtu mstaarabu: nikafungua mfuko, nikapanga vitu vyangu mbele yake.

Akaigeuzageuza pakiti ya tambi. "Ndicho chakula chako siku hizi?"

"Ndiyo, mama," nikajibu nikicheka, nikidhani ananitania.

"Haya. Kakae sebuleni, mwanangu. Moshi utakuharibia shati."

Katika miaka yote niliyoishi pale sikuwahi kula sebuleni. Nilikaa chini ya picha yangu ya mahafali, tukatazamana.

Saa saba Anaeli, bintiye, akaingia na sinia. Zilikuwa tambi. Zilikuwa zimechemka mpaka zimesahau kwamba ziliwahi kuwa tambi, na siagi imesimama juu yake kama kidimbwi. Kutoka jikoni nilisikia kicheko cha ndugu zake, na vijiko vikikwangua bakuli.

Mama mdogo akasimama mlangoni kunitazama. Ningeweza kusema nilichojia. Badala yake nikasema, "Tamu sana, mama. Hata Dar hawapiki hivi." Hilo la pili lilikuwa kweli tupu. Kisha, kwa adabu, nikaomba sahani nyingine.

Alasiri, kwa kuwa basi langu la kurudi Dar lilikuwa la alfajiri, Anaeli akanisindikiza, mfuko wangu kichwani mwake. Tulipofika mferejini akauliza, "Kaka, mbona ulikuja na chakula chako?"

"Ilikuwa zawadi."

"Zawadi ni sukari. Ni majani ya chai, kanga. Mtu akija na cha kupika si anasema chetu hakimpiti kooni? Wewe si umekulia hapa?"

Akauweka sawa mfuko kichwani.

"Kile kibuyu alitukataza kukigusa tangu tulipopata salamu zako. Na ng'ombe anauzwa wiki hii. Majani tutakata wapi, kote nyanya? Ule ndio mgando wa mwisho. Ulipotoa tambi akatuambia, kuleni tu, mwenzenu amekuja na chake."

Nikageuka. Nilipanda ule mlima mbio, kitambi kikinitangulia, Anaeli akiniita nyuma.

Mama mdogo alikuwa uani. Kibuyu kilikuwa juu ya uzio, kimeoshwa, kimeinamishwa, kinachuruzika.

"Umesahau nini?"

"Nimesahau kula, mama."

"Na zile sahani mbili?"

"Nilikuja kula loshoro."

Akafuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole. "Ungesema."

"Ungeniuliza, mama."

"Mgeni haulizwi," akasema. Hakusema kwa hasira. Akaingia ndani, akatoka na kibakuli chenye mfuniko. "Basi chukua zilizobaki. Usilale njaa njiani."

Kesho yake, Mombo, wachuuzi wakainua tena kuku wao. Nilifungua kibakuli, nikazila tambi zile, baridi, mpaka ya mwisho, kwa sababu alizipika yeye. Nilichojifunza ni kidogo kwa safari ndefu namna ile: wao hawakunifanya mgeni, mimi ndiye niliyewapelekea mgeni, nikambeba mwenyewe kutoka dukani.

Kantini, yule mwenzangu akauliza, "Vipi, ulikula?"

"Nilishiba," nikamjibu.