Mahindi Juu ya Moshi

Juma lililopita mzazi mmoja wa Kibuta alikuja kumtoa bintiye darasani kwangu, kwa sababu nilifundisha kwamba viumbe hubadilika kizazi baada ya kizazi.

"Mwalimu, hiyo ni kufuru."

Kikapuni alikuwa na mahindi ya mbegu, meusi kwa moshi wa jikoni. Harufu yake ilinirudisha kwa Bibi.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, Bibi alikuwa akichagua mbegu za kutungika juu ya mafiga. Alitungika vihindi vyembamba vilivyostahimili ukame, na yale manene ya bondeni akayaacha yaliwe. Nilidhani macho yake yamechoka. Alipotoka kutawadha, nikatungua vyembamba na kutungika manene.

"Nani kachezea mbegu zangu?"

"Mimi, Bibi. Manene ndiyo mazuri."

"Mazuri ya kula, mke mwenzangu! Mwaka wa jua kali yatatuua kwa njaa. Mahindi ya mama yangu hayakuwa hivi. Tumeyachagua mpaka yamelizoea jua."

"Kwani hayakuumbwa na Mungu?"

"Nani kakwambia ameacha kuumba?" Akatandika mkeka, akasali.

Leo najua kwamba kazi ile ya mikono yake, ukame huifanya peke yake, polepole, bila kikapu.

Nilimsimulia mzazi yule yote hayo. Alisikiliza kwa makini, akaniambia Bibi alisema kweli tupu, hata yeye mbegu zake amezichagua vivyo hivyo. Kisha akabeba kikapu chake, akamshika bintiye mkono, wakaenda zao.