Mshindi Aliyetoka Kama Uzi

Wenceslas Kambere alikuwa amewapiga picha maelfu ya watu, na hakuna picha yake hata moja iliyokuwa imetundikwa ukutani. Wakimbizi walipojaa Goma, yeye ndiye aliyewapiga picha za kadi: uso mbele, masikio yote mawili yaonekane, hakuna kucheka. Wakimbizi walipoondoka vita ikaingia, na vita nayo inapenda karatasi. Kila mkubwa mpya alitaka watu wapigwe picha upya, kana kwamba chini ya mkubwa wa zamani walikuwa na nyuso nyingine. Kambere hakuwa na siasa. Alikuwa na kiti kimoja, shuka jeupe moja na amri moja: "Usitikisike."

Baada ya miaka mitano amri hiyo ilikuwa imewaingia watu wa mtaa wake, Murara, mwilini. Ukimwelekezea mtu apareyi, yaani kamera, hata awe anakimbizwa na mbwa, atasimama kwanza, atafunga kifungo cha shati, atashika pumzi.

Kwa hiyo chama cha madereva kilipotangaza mashindano ya magari, kutoka Kibati, nje ya mji, hadi mlango wa baa yao pale Murara, na kwamba picha ya mshindi itawekwa ndani ya fremu juu ya kaunta, Kambere aliiomba kazi hiyo kabla mwenyekiti Munguakonkwa hajamaliza sentensi. Aliitaka ile fremu kuliko mshindi yeyote.

Shida ilikuwa ruhusa. Komanda wa barabara alitoa dakika sitini, giza likishaingia, kwa kuwa huo ndio muda wake wa kula. Akaweka sharti: hakuna flashi. Askari wake wakiona mwanga umelipuka gizani, alisema, hawana tabia ya kuuliza ni wa nini.

Madereva wengi walijitoa waliposikia barabara haitakuwa na taa, ingawa haijawahi kuwa nazo. Wakabaki wawili. Kamate, mtu wa kabila la Wanande kutoka Butembo, alibeba maharagwe kwa Hilux na hakupunguza mwendo hata mbele ya kuku wa padri. Cirimwami, mtu wa upande wa Bukavu, aliendesha teksi Carina akiwa na koti na tai, kwa imani kwamba abiria hawezi kumfokea mtu mwenye tai.

Kambere alijua hesabu ya giza. Bila flashi, jicho la apareyi lazima likae wazi muda mrefu, na kitu kinachokimbia mbele ya jicho lililo wazi kinatoka kama moshi. Dawa ni kulifuata gari kwa apareyi, mwendo kwa mwendo, kama mama mkwe anavyomfuata mkwe wake kwa macho. Hilo lilihitaji mazoezi. Usiku wa kabla ya mashindano alimpa mke wake, Kasoki, tochi mbili.

"Mi ni gari gani?" aliuliza Kasoki.

"Hilux."

"Kumbe umeniona mimi munene."

"Kimbia tu, mama."

Kasoki alikimbia kutoka chooni hadi kwenye uzio mara tatu, polepole. Mara ya nne mwendo ulimkolea, uwanja ulikuwa wa mteremko, akapitiliza mlango wa uzio na kutokea barabarani.

Jirani yao, Mama Nshobole, alikuwa dirishani. Alichokiona ni mwanamke mwenye heshima zake, usiku, tochi mbili mikononi, anakimbia bila kusema neno. Watu wa Murara hawahitaji maelezo zaidi ya hayo. Alikunja godoro, akajitwika sufuria kichwani, akaamsha watoto. Kambere alipotoka na apareyi shingoni, avenue nzima, nyumba kwa nyumba, ilikuwa inaelekea mpakani, kimya, kwa mpangilio mzuri wa watu wenye uzoefu.

"Papa Célestin," alimwita mzee aliyekuwa anapita na godoro, "munakimbia nini?"

"Sijue. Uliza bale ba mbele."

"Wa mbele ni Kasoki, bibi yangu. Iko inafanya gari."

Papa Célestin alimtazama kwa huruma. "Vita zote zinaanzaka na maneno kama ile," akasema, akalipandisha godoro vizuri.

Walirudi alfajiri. Magodoro mawili yalikuwa yamebadilishana familia, na Kasoki anaitwa Mama Hilux hadi leo.

Siku ya mashindano, Kambere alisimama juu ya kreti mlangoni mwa baa, penye balbu moja ya jenereta. Taa za magari zikaonekana zinateremka. Mbele ilikuwa Carina, na nafasi kubwa nyuma yake. Kambere aliinua apareyi na kuanza kumfuata Cirimwami taratibu, kama alivyomfuata Kasoki.

Ndipo Cirimwami alipoiona apareyi.

Mguu wake ulikanyaga breki wenyewe. Carina ilisimama hatua tano kabla ya mstari wa mwisho. Cirimwami aliwasha taa ya ndani, akanyoosha tai, akageuza uso, masikio yote mawili, akashika pumzi.

"Usitikisike," alisema Kambere, kabla hajajua anasema nini, akaliacha jicho la apareyi wazi sekunde mbili kamili. Katika sekunde hizo Hilux ilipita.

"Nilikuwa mbele," alisema Cirimwami ndani ya baa.

"Ulisimama," alisema Kamate.

"Nilikuwa napigwa picha. Mutu atatikisika namna gani mbele ya apareyi?"

Baa yote iliona hiyo ni hoja nzito. Munguakonkwa alimpa Kamate ushindi, lakini kwa masikitiko.

Picha ilitoka safi kuliko zote za maisha ya Kambere. Cirimwami alikuwa pale kama yuko studio, kila mstari wa tai unahesabika. Kando yake, kutoka ukingo hadi ukingo, ulipita uzi mweupe wa mwanga.

"Picha ni nzuri," alisema Munguakonkwa. "Lakini mushindi iko wapi?"

Kambere alionyesha ule uzi. "Ni yeye huyu. Alikuwa na haraka."

"Tulisema picha ya mushindi, papa. Fremu itarudi kwa seremala."

Kambere aliomba siku moja. Hakulala. Asubuhi alimkalisha Kamate kwenye kiti, mbele ya shuka. "Masikio," akamwambia. Alikata picha ya kadi, akaibandika mwanzoni mwa ule uzi, pembe nne sawasawa, na chini yake akaandika jina kamili.

Ikatundikwa. Jumapili Kambere alikaa mkabala nayo na chupa moja, toka misa hadi jioni, na kila aliyesimama mbele ya kaunta aliombwa kwa adabu asogee kidogo.

Hata komanda alikuja kula pale siku moja. Aliitazama picha muda mrefu, akatafuna, akasema yule wa kadi yuko na karatasi kamili; yule wa tai atafute zake.

Kesho yake Cirimwami alikuwa wa kwanza kwenye kiti cha Kambere kupigwa picha ya kadi, tai imenyooka. Hakuambiwa asitikisike.