Mchicha wa Bi Tatu

Nikisikia harufu ya dawa ya mbu, ile ya kopo la kupuliza, mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Mume wangu ameshazoea. Akitaka kupuliza chumbani hunisubiri nitoke kwanza, na hajawahi kuniuliza sababu. Pengine anadhani ni mambo ya kifua. Ngoja nikueleze wewe yale ambayo yeye sijamweleza yote.

Nilipokuwa na miaka kumi, akina mama wa mtaa wetu wa Dunda walifungua duka lao la pamoja. Lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu babu tuliyokuwa tukiishi, na mama yangu ndiye aliyeshika funguo. Waliuza mchele, nazi, asali na viungo, lakini watu walikuja kwa ajili ya mboga. Mama na wenzake walikuwa wamepatana na wakulima wachache wa kijiji cha Fukayosi. Wao walime bila dawa za viwandani wala mbolea ya chumvichumvi, na duka lichukue chote watakacholeta, hata siku ambazo soko zima limefurika mboga. Hapakuwa na mkaguzi wala karatasi yenye mihuri. Walikaa mkekani, wakazungumza, wakakubaliana. Juu ya kila tenga mama alitundika kibao chenye jina la mkulima, ili mnunuzi ajue anakula jasho la nani.

Jina nililolipenda mimi lilikuwa la Bi Tatu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na viganja vyake vilinuka mwarobaini, kwa sababu alitwanga majani yake pamoja na pilipili ili afukuze wadudu shambani. Alikuja Jumanne na Ijumaa na gari la asubuhi, matenga yake yamefunikwa magunia mabichi. Mchicha wake ulikuwa na matundu kama chujio la tui. Mteja akilalamika, Bi Tatu humjibu bila kucheka, "Huyo mdudu kakuonjea." Aliniita mkwe wake, ingawa hakuwa na mtoto wa kiume hata mmoja, na kila alipokuja aliniletea mbegu za boga za kukaanga, amezifunga kwenye pindo la kanga.

Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuchambua mboga za jioni. Nilitoa majani ya njano na kuokota viwavi. Sikuwa mwoga kwa kawaida. Sikuogopa mbwa, sikuogopa giza, hata mwalimu wetu wa hesabu, aliyeogopwa na shule nzima, sikumwogopa sana. Lakini kiwavi, ule ulaini wake na jinsi anavyojikunja ukimshika, ulinisisimua mwili hadi kisogoni.

Ijumaa moja, baada ya mvua za wiki nzima, viwavi walikuwa wengi kuliko siku zote. Mama alikuwa amekwenda msibani mtaa wa pili. Wenzangu walikuwa uwanjani wanagawana timu za mchezo wa rede, na nilisikia jina langu likiitwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikakumbuka kopo la dawa ya mbu lililokuwa chini ya kitanda cha mama. Nililichukua, nikapuliza tenga zima la mchicha wa Bi Tatu, kisha nikaongeza kidogo kwa usalama. Viwavi wakaanguka sakafuni. Nikawafagia, nikanyunyiza maji kwenye majani, nikafunika gunia, nikarudisha kopo mahali pake na kukimbilia uwanjani. Nilijiona mwerevu mno. Nakumbuka hata tulishinda.

Jioni ile Bi Mwanaidi, jirani yetu, alinunua mafungu mawili kwa ajili ya mkwewe aliyekuwa na siku tisa tangu ajifungue. Bi Mwanaidi alikuwa na mafua makali, hakusikia harufu yoyote. Yule mzazi alikula, na kabla ya isha alikuwa anatapika na kujikunja kwa tumbo. Walimkimbiza hospitali, kichanga kikabaki nyumbani kinalia.

Asubuhi Bi Mwanaidi alikuja dukani na fungu la pili, ambalo halikupikwa, akaliweka mbele ya mama. Mama akalinusa.

"Hii ni dawa," alisema.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Hakunitazama hata kidogo. Haikumjia kabisa kwamba angetakiwa kunitazama.

Jumanne Bi Tatu alishuka na matenga yake kama kawaida, akawakuta wanawake wamekaa mkekani wanamsubiri. Mama alinituma nilete chai. Nilipoingia na sinia, Bi Tatu alikuwa ameshika lile fungu lililonyauka. Alilinusa, akaliweka chini taratibu, akasema ni kweli lina dawa, lakini dawa hiyo haikutoka kwake. Akamwomba mama waende Fukayosi sasa hivi wakapekue shamba lake na nyumba yake, mpaka uvunguni mwa kitanda. Mmoja wa wale wanawake akamuuliza, kama si yeye ni nani, maana jina lililokuwa juu ya tenga lilikuwa lake. Bi Tatu alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jibu kwa dhati, na hakulipata. Akasema yuko tayari kuapa.

Mama akatikisa kichwa. "Hatutaapishana kwa ajili ya mchicha, dada yangu. Mtoto wa watu amelala hospitali."

Vikombe vilikuwa vinagongana kwenye sinia langu. Bi Tatu aliona, akanyoosha mikono akanipokea. "Taratibu, mkwe wangu," alisema. "Utaungua."

Hata leo sijui kwa nini maneno hayo hayakunifungua mdomo. Mama aliinuka, akakishusha kibao cha Bi Tatu. Bi Tatu alibeba matenga yake moja moja hadi barabarani, na hakuna aliyemsaidia. Chai yake hakuigusa.

Yule mzazi alirudi nyumbani siku iliyofuata, akapona. Nikajiambia basi, yameisha. Mwanzoni nilinyamaza kwa kuogopa bakora. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza, na kila mwezi uliopita ulizidi kuniziba mdomo. Duka liliendelea. Kila alipokuja mkulima mpya kuomba kuleta mboga, mama alimsimulia habari za mwanamke mmoja wa Fukayosi aliyewadanganya. Hadithi hiyo niliisikia mpaka nikaolewa.

Mwaka jana nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, na mama akaja kunitunza. Siku moja alikuwa ameketi miguuni pangu anachambua mchicha wangu wa mchana, akaanza tena habari za Bi Tatu, jinsi nusura aue mzazi kama mimi. Nilimtazama mwanangu, nikamwambia mama kila kitu.

Hakuinua uso. Aliendelea kuchambua jani moja moja mpaka fungu likaisha.

"Kibao nilikishusha mimi," alisema mwishowe. "Arubaini yako ikiisha tutakwenda wote."

Tulimkuta Bi Tatu shambani kwake. Amezeeka, lakini urefu ni ule ule. Mgongoni alikuwa na bomba la dawa, mdomo ameufunga kitambaa, anapuliza nyanya. Alipotutambua alilivua bomba, akaliweka kando bila kulificha. Nilimwamkia, akaitikia. Mama aliposhindwa kuondoa macho kwenye lile bomba, Bi Tatu alieleza mwenyewe. Tulipomkataa, hapakuwa na duka jingine la kuchukua majani yenye matundu. Wanunuzi wanaokuja na malori kutoka Dar wanataka nyanya inayong'aa na hawaulizi imepitia nini. Misimu miwili alijaribu kuuza vile vile alivyolima zamani, mboga zikamwozea. Msimu wa tatu akanunua bomba.

Nikapiga magoti palepale kwenye matuta, nikamweleza. Sikutaja utoto wangu, sikutaja viwavi. Nilisema nilipuliza mimi, na nilikuwepo alipoulizwa.

Alivuta nyuzi za kile kitambaa.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi."

"Na sasa?"

"Ishirini na saba."

"Yule wa miaka kumi nimemsamehe hapa hapa," alisema. "Huyu mkubwa, ngoja kwanza."

Mama alimwomba radhi, akamwomba pia arudi dukani. Bi Tatu akamkumbusha kwa upole kwamba ardhi iliyokwisha kunywa dawa haiingizi mboga dukani mpaka ipumzike kwa misimu kadhaa. Sharti hilo alikuwa amelipendekeza yeye mwenyewe, siku ile ya kwanza mkekani. Na kwa umri wake ule, alisema, misimu hiyo atakula nini? Tulirudi Dunda na gari la jioni.

Kwa miaka mingi niliamini kosa langu lilikuwa lile kopo, na kwa kuwa mzazi alipona, Mungu alikuwa ameshalifuta. Nimechelewa kuelewa kwamba duka la mama lilisimama juu ya kitu kimoja tu, neno la mwanamke mmoja kwa mwenzake. Siku ile neno la Bi Tatu lilikuwa la kweli. Kati ya wote waliokuwamo chumbani, mtu mmoja tu ndiye aliyejua hivyo. Mtu huyo nilikuwa mimi, nami niliwaacha wasimwamini.